Njia ya gari nyumbani: Bledi ipi ya trekta itaondoa dimbwi la mbu?

Masika yakiisha, wazazi wengi hufyeka majani kuzunguka nyumba, hufukia makopo na kukagua vyandarua kama vimetoboka. Sehemu moja husahaulika, ingawa kila mtu wa familia huipita kila siku: njia ya gari inayotoka barabarani hadi mlangoni. Pale matairi yalipochimba mifereji miwili, maji hukaa wiki nzima, wakati mwingine mbili, yakiwa ya kahawia, yakipigwa na jua.

Kwa mbu aina ya Anopheles gambiae, anayeeneza malaria, hiyo ni wodi ya wazazi. Mbu huyu hapendi choo wala shimo la maji machafu. Hutafuta vidimbwi vidogo vya maji ya mvua visivyo na kivuli: nyayo za ng'ombe, mashimo ya kuchimba tofali, na alama za magurudumu. Kwenye joto la nyanda za chini, yai hugeuka kuwa mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi 14. Kwa hiyo dimbwi linalodumu wiki mbili mbele ya nyumba limeshatoa mbu wake kabla halijakauka.

Ni kweli kwamba kusawazisha njia hakumalizi malaria. Familia inayoishi Dakawa wilayani Mvomero, kwa mfano, imezungukwa na majaruba ya mpunga, na mbu watatoka huko vilevile. Chandarua kinabaki pale pale. Lakini jaruba lipo mbali kidogo, na lina mwenyewe na utaratibu wake. Dimbwi la mlangoni ni la familia, na familia nyingi za wakulima wa eneo kama hilo tayari zina chombo cha kuliondoa: trekta iliyoegeshwa chini ya mwembe, ikisubiri msimu wa kulima.

Swali linalozigawa nyumba nyingi ni zana ipi ifungwe nyuma ya trekta hiyo. Baba ameona moja kwenye simu, dereva anataka nyingine, na mama anauliza kwa nini fedha ya ada iende kwenye chuma.

Mama ana haki ya kuuliza. Kabla ya bei ya chuma, ziwekwe mezani gharama ambazo familia inazilipa tayari bila kuzihesabu.

Ya kwanza ni dakika. Tangu makala ya Sereen Thaddeus na Deborah Maine ya mwaka 1994, wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wajawazito: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Njia mbovu ni ya kundi la pili. Mfumo wa rufaa wa m-mama, unaopigiwa simu bure kwa namba 115 kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, hutumia magari ya wagonjwa na pia magari ya madereva wa jamii. Dereva wa jamii ana gari dogo, la chini. Akifika usiku kwenye mita 300 za tope na kukuta mfereji wa futi moja, atasimama barabarani, na mgonjwa atabebwa kwa kiti cha plastiki au kwa bodaboda.

Ya pili ni vumbi. Kiangazi kile kile cha Juni hadi Oktoba ambacho wazazi hukipenda kwa kuanika mahindi ndicho ambacho njia ya moramu iliyolegea hupeperusha unga mwekundu hadi kwenye vitanda vya watoto. Chembe ndogo kuliko maikroni 10 huvutwa ndani ya njia ya hewa, na kwa mtoto mwenye pumu zinatosha kuanzisha usiku wa kukohoa. Moramu iliyoshikana vizuri haitoi vumbi jingi. Inayotoa ni ile iliyokwanguliwa ikiwa kavu ikaachwa imelala juu kama unga wa muhogo.

Ya tatu ni moramu yenyewe. Njia ya mita 300 yenye upana wa mita tatu ina eneo la mita za mraba 900. Kila sentimita moja inayosombwa na maji au kugeuka vumbi ni mita za ujazo tisa, karibu lori zima la mita kumi. Mzazi anayenunua kifusi kila baada ya mvua bila kurekebisha umbo la njia analisha mto.

Maji kwanza, chuma baadaye

Hapa ndipo mazungumzo mengi ya dukani yanapokosea. Muuzaji huuliza trekta ina nguvu za farasi ngapi. Swali la kwanza linapaswa kuwa: maji ya mvua yanatoka wapi kwenye hiyo njia, na yanakwenda wapi?

Njia ya changarawe inayodumu ina mgongo. Katikati pameinuka, pande zote mbili zimeshuka, na pembeni kuna mtaro unaopeleka maji mbali. Kipimo kinachotumika sana ni mteremko wa asilimia nne, yaani sentimita nne kwa kila mita. Kwa njia ya mita tatu, kutoka katikati hadi ukingoni ni mita moja na nusu, hivyo ukingo uwe chini ya katikati kwa sentimita sita. Zikipungua sana, maji hukaa juu na matairi huyakanda kuwa tope. Zikizidi sana, gari linateleza pembeni na kila dereva anaendesha katikati, akichimba mifereji ile ile upya.

Familia haihitaji mhandisi kupima hilo. Ubao ulionyooka wa mita moja na nusu, kipande cha mbao chenye urefu wa sentimita sita kilichopigiliwa ncha moja, na pima maji ya fundi mwashi vinatosha. Ncha yenye kipande hukaa ukingoni, ncha nyingine katikati ya njia. Pima maji ikisoma sawa, mgongo upo. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya kazi hiyo na kuandika namba kwenye daftari, trekta ikiwa imezimwa.

Kasoro nyingine inayojulikana na kila aliyewahi kupanda basi la kijijini ni mawimbi kama ya bati, yale yanayofanya meno yagongane. Wengi hudhani yanatokana na ubovu wa greda. Majaribio ya wanafizikia yameonesha kuwa hujitokeza yenyewe magurudumu yakivuka mwendo fulani, hata kama barabara ilianza ikiwa tambarare. Tiba yake ni kukata hadi chini kabisa ya bonde la wimbi, kisha kutandaza upya udongo ukiwa na unyevu. Anayefunika mabonde kwa udongo mlegevu wa juu atayaona mawimbi yale yale baada ya siku chache.

Basi zana inayotafutwa inatakiwa kufanya mambo matatu: kukata, kubeba udongo kuurudisha katikati, na kuacha uso laini. Hakuna inayoyafanya yote kwa ubora ule ule, na muuzaji anayesema ipo asisikilizwe.

Bledi ya nyuma ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi kwenye maduka ya zana za kilimo. Ni bapa la chuma lililopinda kidogo, linalofungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta, na linaweza kugeuzwa kukaa upande. Huko kugeuka ndiko thamani yake ilipo. Ikikaa kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45, inachukua udongo uliosukumwa ukingoni na kuurudisha katikati, na ndivyo mgongo unavyojengwa. Zile zinazoweza pia kuinamishwa, ncha moja ikawa chini kuliko nyingine, huchimba mtaro wa pembeni. Kwa nchi ambayo mvua yake hushuka kwa kishindo, mtaro ni nusu ya kazi.

Udhaifu wake ni kwamba inafuata kila mruko wa trekta. Magurudumu ya mbele yakipanda kituta, bledi iliyo nyuma ya ekseli inashuka na kuchimba. Magurudumu ya nyuma yakifika kwenye kituta hicho hicho, bledi inainuka na kuacha udongo. Dereva mwenye mkono mwepesi anarekebisha kwa haidroliki bila kufikiri. Dereva mgeni anamaliza na njia yenye mawimbi marefu kuliko aliyoanza nayo. Zipo bledi zenye magurudumu madogo nyuma yanayoshikilia kina. Zinagharimu zaidi, na kwa dereva mgeni ongezeko hilo lina maana.

Bledi ya sanduku ni nyingine inayopendwa sana kwenye video za Marekani. Ina kuta mbili za pembeni, hivyo udongo haumwagiki, na mbele yake kuna meno ya kung'oa yanayoteremshwa na kupandishwa. Kwa kubomoa moramu iliyokauka kama saruji, au kuhamisha kifusi kilichomwagwa na lori, ni zana nzuri. Lakini ni katili kwa asiyeijua. Kila kitu kinategemea urefu wa toplinki, ile nondo ya juu yenye nyuzi za kuzungusha. Ikifupishwa, sanduku linainama mbele na meno yanazama. Ikirefushwa, ukingo wa nyuma unalala na kulainisha. Mizunguko michache tu hutofautisha kulainisha na kuchimba handaki. Pia haigeuki upande kama bledi ya nyuma, kwa hiyo kujenga mgongo kwa sanduku kunahitaji kuchezea urefu wa mkono mmoja wa kuinulia, jambo ambalo dereva wa mtaani hulifanya mara ya kwanza kwa hamu na mara ya pili kwa manung'uniko.

Ya tatu haionekani sana madukani hapa nchini, ingawa ndiyo yenye huruma kuliko zote: fremu ndefu yenye bledi mbili, moja mbele na moja nyuma, ikiteleza juu ya vyuma viwili vya pembeni kama sleji. Kwa kuwa inalala juu ya njia yenyewe, haijali sana trekta inavyoruka. Vyuma vya pembeni huizuia kuzama, bledi hukata vilele vya mawimbi, na udongo uliokatwa humwagika kwenye mabonde. Dereva anaiteremsha na kuendesha, basi. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuitengeneza kwa chuma cha chaneli na bledi chakavu za greda, mradi apewe vipimo sahihi na mikono ya kufungia iwe imara.

Isichoweza kufanya ni kuchimba mtaro au kuhamisha kifusi kutoka mbali. Njia iliyopoteza umbo kabisa haitapata mgongo kutoka kwa fremu hii. Inafaa njia ambayo tayari ina umbo na inahitaji kutunzwa.

Reki ya trekta, ile yenye meno mengi ya springi, isinunuliwe kwa kazi hii peke yake. Inakusanya mawe na kupendezesha uso kwa siku mbili, lakini haikati chochote kigumu. Mbaya zaidi, ikitumiwa mara kwa mara hutenganisha kokoto na udongo laini unaozishikanisha, na mvua inayofuata inamaliza kazi.

Halafu kuna kiburuzo, ambacho watu hukidharau kwa sababu hakina fahari. Mwaka 1896 mkulima wa Missouri, Marekani, D. Ward King, alianza kuburuza kiburuzo cha mbao kwa farasi kwenye njia iliyopita shamba lake kila baada ya mvua, na njia ile ya tope ikashikana. Kiburuzo chake kikaenea mashambani, na hadi leo wazo lile lile linatumika kusini mwa Afrika kwa matairi chakavu ya lori yaliyofungwa kwa mnyororo. Hakijengi mgongo wala hakitoi mawimbi mazito. Kinachofanya ni kufuta vialama vidogo kabla havijawa mifereji. Kwa familia isiyo na fedha mwaka huu, matairi matatu na mnyororo, kila baada ya mvua kubwa, ni bora kuliko bledi ya ndoto ya mwakani.

Kama ni zana moja tu, na dereva ana uzoefu, bledi ya nyuma iliyo nzito, inayogeuka na kuinama, ndiyo yenye faida zaidi katika mazingira haya. Kama dereva ni kijana wa nyumbani anayejifunza, ni heri kukodi greda siku moja ijenge mgongo na mitaro, kisha familia ibaki na fremu ya bledi mbili kwa matunzo. Majirani watatu au wanne wanaopitia njia moja wanaweza kuchangia siku hiyo ya greda. Bledi ya sanduku isubiri hadi kuwe na vifusi vya kuhamisha mara kwa mara.

Kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, zana yoyote kati ya hizi itakuwa hasara. Hapo njia inatakiwa kuinuliwa kwa kifusi kwanza, na maji yapewe kalvati. Bledi itakuja baadaye.

Vipimo visivyoandikwa kwenye bango

Upana wa bledi uzidi kidogo upana wa nje wa magurudumu ya nyuma, hata inapokuwa imekaa pembe. Bledi iliyo sawa kabisa na trekta ikinyooka, ikigeuzwa nyuzi 30 inakuwa fupi, na gurudumu moja linakanyaga kazi iliyokwisha kusawazishwa. Futi ya mkanda iende dukani pamoja na fedha.

Uzito una maana kuliko rangi. Bledi nyepesi inaruka juu ya moramu ngumu kama kijiko kwenye ukoko. Unene wa bapa, upana wa mhimili inapozungukia, na ukingo wa kukatia unaofungwa kwa boliti ili ubadilishwe ukiisha, hivyo ndivyo vya kukaguliwa. Ukingo uliochomelewa moja kwa moja unamaanisha kwamba ukiisha, bledi nzima imeisha.

Pini nazo husababisha safari nyingi za kurudi dukani. Trekta ndogo hutumia pini za chini zenye kipenyo cha milimita 22. Kubwa zaidi hutumia za milimita 28. Massey Ferguson 240, yenye nguvu za farasi takriban 50, ni ya daraja la kawaida kwa kazi ya njia ya nyumbani na haihitaji bledi ya kutisha. Bushi za kupunguza kipenyo zipo, ila pini nyembamba ndani ya tundu kubwa bila bushi ni ajali inayosubiri siku yake.

Kwa matrekta yenye mfumo wa Ferguson kuna jambo moja zaidi. Haidroliki ikiachwa kwenye hali ya kulimia, zana hujiinua yenyewe inapokutana na mzigo. Kwa jembe ni msaada. Kwa bledi ni balaa, kwani kila penye udongo mgumu itajiinua na kupaacha. Mkono unaotumika ni ule wa kushikilia kimo.

Muda wa kufanya kazi ni siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu wa kufinyangika mkononi bila kutoa maji. Mwendo usizidi kilomita nane kwa saa. Hatua za mtu anayeharakisha zinatosha. Ukizidi hapo bledi inaanza kudunda na kuchora mawimbi yake yenyewe. Baada ya kusawazisha, gari lolote zito lipite taratibu mara kadhaa, kila mara likibadilisha mstari, ili udongo ushindiliwe upana mzima.

Watoto wawe wapi?

Siku ya kusawazisha njia huwa sikukuu kwa watoto. Trekta inanguruma nyumbani, mchana, na baba ana furaha. Mmoja anaomba kukaa kwenye mbawa ya gurudumu. Mwingine anaambiwa apande juu ya kiburuzo "aongeze uzito."

Hilo la uzito ndilo la kukatazwa kwa sauti kubwa kuliko yote. Mtoto juu ya kiburuzo akiteleza, anaangukia mbele au nyuma ya chuma kinachovutwa, na dereva anayetazama mbele hana habari. Uzito uongezwe kwa mawe au gogo lililofungwa. Mtu asiongezwe, awe mtoto au tandiboi.

Kwenye trekta yenye kiti kimoja anakaa mtu mmoja. Mbawa ya gurudumu haina mkanda wala ukuta, na chini yake kuna gurudumu linalozunguka. Kazi hii ina kurudi nyuma kwingi, na bledi iliyoinuliwa humfunika kabisa mtoto wa miaka miwili machoni pa dereva. Utaratibu unaofanya kazi ni rahisi: kabla trekta haijawashwa, mtu mzima mmoja anawachukua watoto wote ndani au kwa jirani, anawahesabu, na ndiye pekee anayemruhusu dereva kuanza. Kumwambia mtoto wa miaka minne "usisogee" si ulinzi.

Dereva akishuka, hata kwa dakika moja ya kunywa maji, bledi iteremshwe hadi chini na injini izimwe. Haidroliki iliyochoka hushuka yenyewe polepole, na watoto hupenda kivuli cha chini ya vyuma. Shafti ya nyuma inayozungusha mashine haihitajiki kwa bledi yoyote iliyotajwa hapa, kwa hiyo ibaki imezimwa na kufunikwa. Shafti hiyo hukamata kanga au koti kabla mtu hajapiga kelele.

Dereva naye ni mzazi wa mtu. Trekta nyingi za zamani hazina fremu ya kumlinda ikipinduka. Sweden iliagiza trekta zote mpya ziwe nayo tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka sana. Asiye na fremu akae mbali na ukingo wa mtaro, hasa ukiwa umelowa. Na anayevuta kiburuzo kwa mnyororo aufunge kwenye ndoano ya chini ya kuvutia. Mnyororo ukifungwa juu, kwenye toplinki, kisha kiburuzo kikanasa kwenye kisiki, pua ya trekta hunyanyuka na kumwangukia dereva kabla hajafikiria klachi.

Yaliyobaki ni ya ujirani. Oili chafu ya injini isimwagwe njiani kwa kisingizio cha kuzuia vumbi. Imebeba metali na kemikali zinazohusishwa na saratani, itaingia kwenye viatu na mikono ya watoto wanaocheza hapo, na mvua itaipeleka kisimani. Maji kwa ndoo asubuhi, mwendo mdogo wa magari na uzio wa michongoma hupunguza vumbi bila sumu. Fundi akipendekeza kiburuzo cha reli, aulizwe reli hiyo imetoka wapi, maana miundombinu ya reli ni mali ya umma na anayekutwa nayo ana kesi.

Njia ikifika kwenye barabara ya kijiji au ya wilaya, bledi iinuliwe. Hapo ni eneo la serikali ya kijiji au TARURA, na mtaro wa familia usielekezwe barabarani wala kwenye kiwanja cha jirani wa chini. Kabla ya kuchimba, mwenye nyumba na jirani huyo wasimame pamoja waone maji yatakapotokea, ikibidi mwenyekiti wa kitongoji akiwepo. Shimo la kuchimbia moramu shambani nalo lifukiwe au lichongwe mteremko wa kutolea maji, kwa sababu likiachwa wazi litajaa masika ijayo, litazaa mbu na litawavuta watoto kuogelea.

Na matairi ya kiburuzo yakimaliza kazi yasitupwe nyuma ya jiko. Maji ya mvua yakituama ndani yake humzalisha Aedes, mbu wa homa ya dengue anayeuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa. Yatobolewe matundu makubwa upande wa chini, au yaegeshwe chini ya paa pamoja na trekta.